Pampu ya Kanisa la Kambu

Ikutha, Kitui
16 Februari 2024

Kwa kaka Musyimi,

Habari za huko Kambu? Mkeo Mutindi na watoto hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Tulimzika Nyamai, ukaleta kwaya na pilau. Asante. Sasa niambie mbele za Mungu: kisima kilipomporomokea mume wangu, si nilikupigia simu mwenyewe? Maji yalikuwa yanapanda. Nilikuambia lete pampu ya kanisa na mwethya, kile kikundi chenu cha kusaidiana, waje kuchimba. Ukasema, "Sawa, tukimaliza ibada." Tukimaliza ibada! Na ufunguo wa stoo uko mfukoni mwako! Nyamai alikuwa bado anaongea kule chini. Aliuliza, "Watu wa Kambu wamefika wapi?" Nikamdanganya kwamba mmevuka daraja.

Maduka yenu yalipoungua, nani alituita? Tulisikia tu, tukaja.

Dada yako,
Kathini

Kambu, Makueni
3 Machi 2024

Dada mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi tuko salama, ila usingizi hatuna. Unaendeleaje?

Pole tena. Siku ile tulikuwa na askofu mgeni. Mzee wa kanisa atainukaje atoke, watu wote wakimtazama? Lakini nilimnong'oneza askofu, akamtaja Nyamai kwa jina, kanisa zima likapiga magoti. Usiseme hatukufanya kitu. Nijibu, tafadhali.

Kaka yako,
Musyimi

Kambu
30 Aprili 2024

Kathini, hamjambo huko? Hukunijibu, na nikipiga hupokei, basi naandika kwa ujumbe wa simu.

Mto umevunja kingo, sokoni ni maji matupu. Mutindi na watoto wako juu ya paa na majirani. Serikali inasema tusubiri. Najua sina uso wa kukuomba. Ita mwethya wa huko, mje na kamba.

Kaka yako,
Musyimi

Ikutha
30 Aprili 2024

Musyimi,

Habari sikuulizi, umeshanieleza.

Jirani yetu Mwangangi amewasha lori lake, watu wamejaa, kamba tunazo. Kuna waliosema tuwaombee tu, kama mlivyotuombea. Nimewafokea mpaka wakapanda. Mutindi na watoto hawakunikosea kitu. Aliyenikosea ni wewe, na hasira yangu haijaisha.

Unajua desturi: anayeita mwethya ndiye hupika, na waliokuja hula kwake kabla ya kuagana. Wewe usiwashe moto. Tukishawashusha watu wako, tutarudi kwetu na njaa.

Kathini