Skola, Ile Roketi Tuliionyesha

Skola, rafiki yangu,

Tuliionyesha. Nakuambia hilo kwanza, maana nakujua, hata salamu usingeingoja.

Haikuwa rahisi. Tuliporudi kutoka kukuzika Kamsamba, sisi tuliojitolea kukusaidia kuwaonyesha watoto mambo ya anga hatukukutana tena. Musa fundi redio alinitamkia wazi, "Mimi huko sirudi." Pale Nanyala watu walikuwa na neno lao: "Mwalimu aliitafuta mbingu, mbingu ikamwita." Walilisema hata mbele yangu, nimeinamia cherehani. Uliifuata projekta Tunduma ili watoto waone chombo kikirushwa kwenda angani. Ukirudi, ukashuka kwenye basi dogo la Kosta, ukasimama pembeni kabisa, kama ulivyowafundisha wao, na lori lililofeli breki likakufuata huko huko pembeni. Konda alikuwa bado mlangoni, ameishika projekta. Haikupata hata mkwaruzo. Nimeichukia, Skola. Siku ninaibeba kwenda shuleni nilitamani kuitupa mtaroni.

Lakini safari ya chombo iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na watoto wa darasa lako wakawa wanapita kwangu kila wakitoka shule. "Mama mdogo, itaruka lini?" Hawakuuliza wewe uko wapi. Hilo walilijua. Nikamfuata Musa. Alikataa, tukaachana vibaya. Siku yenyewe nikamkuta mlangoni mwa darasa na jenereta yake.

Tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, maana jua lilikuwa bado kali. Nilitundika shuka nyeupe nilizoziunga. Walikuja wengi kuliko ulivyowahi kuota: vijana wa bodaboda, akina mama wa sokoni na watoto mgongoni. Kisha akaingia mama yako.

Sikumwalika. Ningeanzaje? Alikuwa amekuja kuchukua vitu vyako, godoro na vyombo, akasikia habari za onyesho. Wakampisha benchi la mbele. Akainyooshea projekta kidole.

"Hiki ndicho alichokuwa amekifuata?"

"Ndiyo, mama."

"Ni kizito?"

"Hapana, mama. Kinaingia kwenye kikapu."

Akakitazama. Nilijua atanyanyuka aondoke, na nisingemlaumu. Hakunyanyuka.

Ikabidi niseme maneno yako, yale uliyokuwa ukiwafundishia watoto. Nilipuliza puto, nikaliachia, likaruka ovyo likimgonga huyu na yule. "Hewa inatoka nyuma, puto linakwenda mbele. Na roketi ni hivyo hivyo." Watoto wakacheka. Mimi sauti ilinikatikia katikati, Skola, nikajifanya nimepaliwa.

Musa akanasa matangazo ya moja kwa moja, na roketi ikaruka. Moto chini, moshi ukajaa shuka zote, darasa lote likasimama. Mama mmoja alipiga kigelegele. Ikapanda, ikapanda, ikawa kama mshumaa, halafu ikapasuka. Vipande vyenye moto vikaanza kushuka kila upande, na yule mtangazaji aliyekuwa hanyamazi akanyamaza. Watoto walidhani ndivyo inavyotakiwa kuwa. Wakapiga makofi, kisha wakaniangalia usoni, makofi yakafa.

Mama yako akageuka. "Humo ndani mlikuwa na watu?"

"Hapana, mama. Vyombo tu."

"Hakuna hata mtu mmoja?"

"Hakuna."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi Mungu ashukuriwe. Leo hakuna mama atakayeitwa barabarani."

Musa alitoka nje. Nilisikia jenereta ikizimwa, na picha ikapotea. Tuwezo, yule msichana wako wa dawati la mbele, akauliza kwa nini imeungua. Nikamwambia sijui. Wewe ungekuwa na la kumwambia. Mimi nilikuwa na shuka tu, na watu waliokuwa wanatoka kama wanatoka msibani.

Nilimsindikiza mama yako kituoni, godoro lako kichwani mwangu. Tulisimama mbali mno na lami; kila lori likipita alinibana mkono. Nilitaka kumwomba radhi kwamba hata hicho ulichokifia kimeungua mbele ya macho yake. Sikuweza. Gari lilipofika, yeye ndiye aliyesema.

"Wanatengeneza kingine?"

"Watatengeneza, mama. Ndivyo alivyokuwa akisema Skola."

"Basi siku mkikionyesha, mniite. Nataka nione kimoja kikifika."

Akapanda, hakugeuka nyuma.

Sasa nakuacha, rafiki yangu. Sijui kueleza nyota na sitazijua kama wewe, na Musa bado hajaniambia kama atakuja tena. Lakini siku hiyo ikifika sitampigia mama yako simu tu. Nitamfuata mwenyewe Kamsamba, tupande naye, tushuke naye, nimshike mkono hadi kwenye benchi. Hilo nakuahidi. Lala, Skola wangu.

Ni mimi,
Anyesi