Sitakushonea Gauni

Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Cherehani mpya inakwenda vizuri, ila mvua imeuvimbisha mlango wa duka, kuufunga ni vita.

Gauni uliloniomba uvae kwenye harusi ya binti yako sitakushonea. Unakumbuka nikiwa msichana, uliponivua nguo mbele ya wageni wako, ukacheka, "Mwili huu hata daktari atafumba macho"? Nilikuamini. Miaka mingi nilitokwa damu kimyakimya, nikiogopa kitanda cha kliniki. Nilipopelekwa hospitali nikiwa nimeshazimia, madaktari walitoa uvimbe pamoja na kizazi.

Juzi binti yako alikuja kupimwa gauni lake. Alikataa kuvua blauzi.

"Mama anasema mwili wangu unatia aibu," aliniambia, huku amelishika tumbo kwa maumivu.

Nikafunga duka, nikampeleka kwa daktari wa wanawake. Daktari hakucheka. Uvimbe wake bado mdogo, atapona.

Njiani nilimweleza yote, Shangazi, wala sikukusitiri. Alilia, kisha akasema, "Dada, siku ya harusi utakaa wewe mahali pa mama."

Nimekubali kwa moyo mweupe.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.