Shikamoo Iliyotoka kwa Mwizi

Sepuka, Jumapili

Shangazi Rebeka, shikamoo.

Alizeti tumemaliza kupura. Bibi ni mzima, ingawa akaunti yako ya mtandaoni ilitangaza kifo chake. Waliokuja msibani walimkuta uani anapepeta, akawapa uji. Ulipopiga simu kusema umeibiwa akaunti, alijibu kwamba mwizi huvunja mlango, na wako haukuvunjwa.

Ni kweli. Niliufungua mimi. Akaunti yako niliisajili kwa namba yangu, kwa hiyo mwizi alipojaribu kuingia, tarakimu za siri za kuifungua zilikuja kwangu. Namba ngeni yenye picha yako ikaniandikia: "Shikamoo, nitumie hizo tarakimu." Shangazi mzima kuniamkia mimi! Nilicheka, nikatuma.

Bibi analia kwamba binti yake amemzika akiwa hai. Mimi ndiye ninayemfuta machozi, na bado sijamwambia.

Aliyekukosea,
Happiness