Nashona Paa la Gari, Kisha Nalifumua

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaanza pokea salamu zangu, shikamoo naiweka akiba kwanza maana sijui kati yangu na wewe nani alitangulia kuliona jua. Mimi ni mama wa watu wazima, fundi cherehani, nimeshona mapazia na makochi ya watu mpaka macho yakadai miwani, na mume wangu ni mpima ardhi mstaafu, ambaye kazi yake ilimweka porini na barabarani karibu ndoa yetu yote, akija nyumbani ni kufuliwa nguo na kuondoka, watoto wakamzoea kama mgeni mwenye zawadi, nami nikazoea kulala katikati ya kitanda. Alipostaafu nikafurahi, kumbe sikujua nafurahia nini, maana tulikaa sebuleni tukitazamana kama watu wanaongoja kuitwa na daktari, yeye anauliza, "Chai ipo?" nami najibu, "Ipo," basi mazungumzo ya siku yamekwisha.

Siku moja akaleta gari. Nasema akaleta, lakini lilibebwa na lori, maana lenyewe lilikuwa halina miguu wala moyo: gari la mbio la Kiingereza, la zamani, dogo, la viti viwili, alilolikuta nyuma ya ghala la mbao kuku wanatagia ndani yake, injini imefunguliwa vipande vipande ikatiwa kwenye ndoo, sakafu imeliwa na kutu hata ukisimama ndani unakanyaga udongo. Nikamwambia, "Baba watoto, umestaafu ili uniletee mke mwenza?" Akacheka, mshauri, akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nilikuwa nimeshasahau kicheko chake kinafananaje. Jina likabaki hilo, Mke Mwenza, hata fundi wa kuchomelea aliyekuja kuunga sakafu alikuwa akibisha hodi anauliza, "Bi mdogo kaamkaje?"

Mwanzoni nilisusa. Kisha akaniita nimshikie taa, nikamshikia, kesho yake akaniita nimpe spana, nikampa isiyo yenyewe, akanielekeza bila kufoka, mara nikajikuta nimekalia ndoo iliyogeuzwa naosha nati kwa mafuta ya taa, na yeye yuko chini ya gari anaongea. Huyu mtu kumbe anaongea! Amenisimulia mito aliyovuka, homa alizougua kambini peke yake, siku aliyofunga mizigo aache kazi arudi kwangu kisha akaona haya, na mimi nami nikamwambia ya kwangu, ya yule mtoto wetu aliyefariki yeye akiwa mbali kazini, jambo ambalo hatukuwahi kulifungulia mdomo, akatoka chini ya gari uso umejaa grisi, tukalia wote wawili na hakuna aliyemwambia mwenzake nyamaza. Tangu siku hiyo nyumba yetu ina watu.

Injini sasa inawaka. Gari hili lina kabureta mbili, na zisipovuta hewa sawasawa linatetemeka kama lina baridi, na kwa kuwa masikio ya mume wangu yamechoka, mimi ndiye msikilizaji: naweka sikioni kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ncha nyingine kwenye kabureta, nasikiliza pumzi ya moja kisha ya mwenzake, nasema, "Huyu anahema zaidi," naye anageuza skrubu kidogo, hivyo hivyo mpaka zikapatana. Tangu zipatane amezifungua tena mara tatu, eti hana uhakika, nami naweka tena sikio wala simlaumu, mpimaji ni mpimaji. Viti pia nimeshona mimi, na hata hapo hakuniacha nikisie, alinikalisha kwenye fremu ya kiti cha abiria, akatoa futi yake ya kazini, akanipima goti, mgongo, mpaka visigino vinapofika sakafuni, akaandika yote ukutani kwa chaki, eti sponji isije ikazidi.

Shida yangu ni kwamba limebaki paa la turubai tu. Na kuna rafiki yake, daktari wa meno, mwenye gari la namna hiyo hiyo, kila akipita anachungulia gereji na kusema, "Mzee, ukimaliza tu tunaondoka, sisi wenye magari ya kale tunazunguka wiki nzima!" na mume wangu anajibu, "Nikimaliza tu." Mshauri, hilo neno linanichoma kuliko sindano, mimi nimeishi na mtu wa barabarani, naujua mgongo wake anapoondoka. Kwa hiyo nashona asubuhi, akilala mchana nafumua mshono wa kati, akiamka namwambia uzi umekatika. Ameniamini, tena amekwenda kugombana na muuza uzi, maskini yule baba ameapa kwa kila kitu mwishowe akampa uzi mwingine bure ili yaishe. Naona aibu. Lakini namshukuru Mungu kwa gari lile, nalishukuru na gari lenyewe, pengine ni mimi peke yangu duniani ninayemwombea mke mwenza maisha marefu, na ndiyo maana nakuuliza, nimalize nimpoteze tena, au niendelee kufumua mpaka turubai liwe matundu?

Ni mimi,
Mke Mkubwa

MSHAURI ANAJIBU

Mke Mkubwa, shikamoo yako nimeitoa akiba na kuiitikia, marahaba, maana kwa mchezo huu wa kufumua wewe bado msichana.

Pole, mama. Pole ya mtoto, na pole ya miaka uliyolala katikati ya kitanda. Na hongera, tena hongera sana, maana wengi wanazeeka na waume zao sebuleni bila kukutana nao. Mezani kwangu zimejaa barua za wanawake wanaolia kwamba mume haongei. Yako ndiyo ya kwanza kutoka kwa mtu anayeogopa kwamba mumewe ataacha kuongea, na nimeirudia kuisoma kwa raha tu.

Raha imeishia hapo. Unamfanyia hila mtu aliyetoka chini ya gari akalia nawe? Na muuza uzi kakukosea nini, mtu wa watu anaapa kwa ajili ya uzi mzima! Kesho asubuhi nenda dukani kwake kwa miguu yako, usimtume mtu, umrudishie uzi wake na umwambie ni imara, mkono wa kuufumua ulikuwa wako. Akikucheka, mwache acheke, amekilipia hicho kicheko.

Unasema unaogopa gari litaisha. Nani kakudanganya? Gari la namna hiyo haliishi. Ukiziba mafuta yanapovuja huku, litavuja maji kule, na likitembea wiki moja litadai kupumzika gereji wiki mbili. Ile ndoo yako ya kukalia usiitupe, utaihitaji.

Halafu nikuulize. Wewe fundi mzima, umepima na kukata vya watu maisha yako yote, kipimo chako mwenyewe kimekushinda kusoma? Kabureta zikishapatana, zinafunguliwa tena za nini? Mtu aliyepima milima hajui kama skrubu imekaa? Anajua, mama, anajua sana. Asichokijua ni namna nyingine ya kukuita uje usimame pale, bega kwa bega, na mpira wako sikioni. Wewe unafumua turubai na yeye anafumua kabureta, kila mmoja upande wake wa boneti, na wote mnakimbia kitu kimoja. Mngekuwa vijana ningewacheka. Kwa umri wenu nawaonea wivu.

Kwa hiyo ule mshono wa kati ushone leo, upige mara mbili, usiuguse tena. Mume wako akiamka, mkalishe yeye kwenye ndoo, wewe simama, umwambie kwa maneno mafupi: nilikuwa nafumua, naogopa utaondoka, nataka kwenda nawe. Usizunguke, usijikohoze, usianze na hadithi ya uzi. Atanuna kidogo. Mwache anune, haki yake, amegombana na mtu bure kwa sababu yako. Kisha tafuta kitambaa cha kichwa kinachofunga vizuri, maana nasikia upepo ndani ya magari hayo hauna adabu.

Na yule daktari wa meno asikunyime usingizi, ana gari lake na kiti chake. La mumeo lina viti viwili tu, na hicho cha pili kimepimwa kwa goti lako, mgongo wako na visigino vyako. Ingia gereji uitazame ile chaki ukutani. Ukikuta hapo na vipimo vya daktari wa meno, niandikie tena, nitakuruhusu ufumue mpaka viti. Usipovikuta, mama, funga kitambaa chako upande garini.