Viungo vya Gari la Katana

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefunga gereji saa kumi na moja. Kazi ya breki za pikapu ya mzee wa Takaungu imekwisha. Chai, muhogo wa jana. Ndipo ujumbe wa Katana, mume wangu, ukaingia. Miezi minane kimya, kisha mstari mmoja: Jumamosi atakuja mtu kuchukua gari, mpe ufunguo. Hakuna salamu. Hakuuliza kama ningali hai.

Gari ni lile la spoti, jekundu, milango miwili. Liko uani nyuma ya gereji tangu alipokwenda Uarabuni miaka sita iliyopita. Alirudi kitambo. Anaishi Malindi, saa moja tu kutoka hapa Mnarani, na mke mwingine. Hajawahi kupita hapa. Na mimi gari lake nimelitunza. Mjinga mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimelipandisha kwa jeki. Nikashika gurudumu la mbele la kushoto, juu na chini, nikalitikisa. Linacheza. Kiungo cha chini, kile kinachobeba gurudumu likikata kona, kimelika. Mpira wake umepasuka, grisi imekauka, chumvi ya hewa ya bahari imeingia. Cha kulia nacho hakina maisha. Katana alikata springi ujanani ili gari lilale chini, na viungo vya kawaida havistahimili kuinama namna ile.

Vilivyo bora ninavyo. Nilivinunua mwaka aliposema anarudi. Vya magari ya mashindano: pini ndefu, chuma kinene, tundu la kutilia grisi. Vimo kabatini, nimevifunga kwa leso. Nilitaka kumfurahisha.

Sivitoi.

Jumatano, 6 Agosti

Simu, namba nisiyoijua. Sauti changa ya mwanamke. Akaniamkia shikamoo, kisha akasema yeye ni Rehema, wa kwa Katana. Yule mke wa Malindi. Gari amepewa yeye. Atakuja kulichukua mwenyewe.

"Dada, naambiwa wewe ni fundi," akasema. "Lina tatizo lolote?"

"Halina."

Akanishukuru.

Baadaye nikaupaka ule mpira uliopasuka grisi mpya kwa nje, ufa usionekane. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Nilitaka gari limkatikie njiani. Si Katana. Yeye. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 7 Agosti

Tuktuk mbili, pikipiki moja. Sikuzungumza na mtu ila wateja. Mama Kadzo, jirani, alinipungia mkono akitoka kisimani, nikajifanya sikumwona. Watu wa hapa waliacha kuniuliza habari za Katana. Kisha wakaacha kuniuliza habari zangu.

Nimejiambia gari litafika Malindi. Barabara ni nzuri. Kiungo kilicholika huweza kudumu hata mwaka. Wateja wangu nimewaambia kinyume cha haya kwa miaka ishirini.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nimelitoa. Kujihakikishia tu. Nikavuka daraja, nikashika njia ya Bofa. Usukani unatetemeka. Kwenye tuta la kwanza nikasikia chuma kinagonga. La pili, kikagonga zaidi. Nikapunguza mwendo. Nikiwa nakata kona kando ya ukuta wa hoteli moja, gurudumu la kushoto likalala. Gari likainama upande huo, likakwaruza lami, likasimama.

Nilikuwa kwenye mwendo wa baiskeli. Sikuumia. Mlinzi wa hoteli alikuja mbio akanikuta nimeshika usukani kwa mikono miwili. Akaniuliza kama nimeumia.

"Nilijua," nikamwambia.

Hakunielewa. Akaenda kuniletea maji. Nikashuka, nikakitazama kiungo kilichokatika.

Barabara ya Malindi, gari liko mbioni, na lori linakuja. Hayo ndiyo niliyomwandalia mtoto wa watu.

Gari likavutwa hadi gereji kabla ya adhuhuri. Nikafungua kabati. Nikafungua leso. Cha kushoto kilikuwa kimejitoa chenyewe. Cha kulia kilikataa. Nyundo mbili, nikagonga huku na huku kwa pamoja mpaka kikaachia. Vipya vikaingia vizuri. Ncha za usukani nazo nimebadilisha. Kila nati nimeitia pini isije ikalegea. Kisha nikanyoosha magurudumu kwa uzi, nikapima, nikarudia kupima. Mikwaruzo ya ubavuni imebaki.

Jioni nikalijaribu hadi Tezo na kurudi. Linafuata mkono. Halivuti, halitetemeki. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko hii. Nikazima injini, nikakaa ndani yake. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Jumamosi, 9 Agosti

Rehema amekuja peke yake. Mdogo kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimepanga kumpa ufunguo pale pale mlangoni. Nikampa kiti.

Nikamwambia kwamba nilidanganya kwenye simu. Nikamwonyesha kiungo kilichokatika, nikamwekea mkononi. Nikamweleza ya Bofa. Nilichokitaka sikukitamka. Nadhani alikielewa, kwa sababu alikigeuza kile chuma tena na tena, hadi vidole vyake vikaingia grisi.

"Na kwa nini ukalitengeneza?"

"Nilikuwa ndani kilipokatika."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanieleza kwamba Katana amerudi Uarabuni, wiki ya tatu sasa. Hakusema atarudi lini. Gari ndilo alilomwachia.

Miaka yote nimeingojea habari kama hiyo. Sikufurahi. Nilimwona ameketi pale na begi lake mapajani, nikajiona mimi.

Nikamwambia aendeshe, nikakaa kando yake hadi Tezo na kurudi. Anaendesha vizuri, ila anakata kona kwa woga. Nikamfundisha kusikiliza: chuma kikigonga kwenye tuta, simama, usijidanganye. Aliondoka saa tisa. Saa kumi na robo akaniandikia kwamba amefika. Nikausoma ujumbe ule mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani, kisha nyumbani. Upepo wa kusi, kibaridi. Nimepita kwa Mama Kadzo, nikamwomba radhi kwa ile siku. Alikuwa ameisahau. Tukala mchicha.

Alasiri Rehema amepiga simu. Gari liko sawa. Baada ya hapo hakuna aliyekata simu. Nilimsikia akiosha vyombo. Mwishowe nikamwambia viungo vipya lazima vikaguliwe baada ya wiki mbili, na ni lazima nivikague mimi mwenyewe.

Si kweli. Fundi yeyote wa Malindi angeweza.

Amesema atakuja.