Mifuko Miwili ya Pumzi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwaka wa thelathini na tisa ugenini. Umri, sabini na tatu. Kiungulia — kipya kila siku.

Dozi ya antibayotiki niliimaliza mwezi uliopita. Sasa daktari anataka kujua kama yule bakteria wa tumboni amekufa au amejificha. Safari hii hakuna mpira wenye kamera wa kushindiliwa kooni. Nashukuru! Mara ile nilimtukana muuguzi kwa lugha ambayo, kwa bahati yake na yangu, haielewi. Nitapuliza mfuko tu, basi. Ila kwa wiki mbili nzima vidonge vya kupunguza asidi ni marufuku. Nikivimeza, mdudu atanyamaza na kipimo kitatudanganya.

Nikauliza nilimpata wapi. Daktari akasema wengi huambukizwa utotoni, nyumbani kwao, wakaishi naye maisha yote.

Utotoni! Kumbe tulivuka mpaka pamoja. Mimi bila pasipoti, yeye bila hata viatu.

Jumapili, 9 Machi

Kifua kinawaka. Nalala nimeketi, kama abiria. Binti yangu ameficha vidonge — ananijua.

Mdogo wangu wa kike amepiga simu kutoka nyumbani. Kila mwaka huuliza narudi lini, na kila mwaka namjibu: tumbo likipona. Jibu zuri sana. Nani atabishana na tumbo la mzee?

"Kaka, chumba chako tayari. Nimekipaka kijani, rangi yako ile."

Kijani ilikuwa rangi ya marehemu kaka yetu mkubwa. Mimi nilipenda nyeupe. Sikumsahihisha. Nikamwambia kuna kipimo wiki ijayo.

"Haya. Ukionekana mzima, Kaka, huna tena pa kujificha."

Mjanja tangu ananyonya, huyu.

Jumatatu, 17 Machi

Sijala tangu jana jioni. Maabarani yupo mama mmoja mnene, mkali, nimempa jina la Bi Puliza. Kanikabidhi mfuko wa kwanza. Nikavuta badala ya kupuliza. Msomi mzima!

"Babu, toa. Usichukue."

Kisha kikombe cha dawa, chachu kama maneno ya mawifi. Mdudu akiwepo, anaivunja dawa na kutoa gesi, na gesi inatokea kwenye pumzi yangu. Yaani mimi nakunywa, yeye anabeua. Nikakalishwa kwenye benchi nusu saa, nimekatazwa hata kuzurura. Ukaja mfuko wa pili. Nikaanza kumweleza Bi Puliza kwamba mapafu ya mtu wa umri wangu...

"Babu! Mfuko unataka pumzi, hautaki hotuba."

Nikapuliza. Na huku napuliza nikajikuta namwombea yule mdudu. Awepo. Abeue kwa nguvu zake zote.

"Baba, mbona unafumba macho?" binti akauliza.

Nikasema kizunguzungu.

Alhamisi, 20 Machi

Hasi. Tumbo safi, hakuna hata mmoja. Binti kanikumbatia palepale kwenye korido, mbele za watu. Nikamwambia asante, kwa sauti ya mtu anayepewa pole.

Niliotoka nao wote nimeshawazika. Lugha yangu imechanganyika mpaka naota kwa vipande. Koti la baba lililiwa na nondo. Kiumbe hai pekee aliyebaki wa kutoka kule alikuwa tumboni mwangu, nami nimemuua kwa vidonge, asubuhi na jioni, baada ya chakula. Hata matanga hakuwekewa.

Simu inaita. Mdogo wangu — anajua majibu ni leo. Natafuta ugonjwa mwingine upesi upesi. Goti? Goti halimzuii mtu kupanda ndege. Na hata nikipanda, kule kuna chumba cha kijani kinachomngoja kaka mwingine.

Binti ameshapokea. "Ndiyo, Shangazi, amepona! Huyu hapa." Amesimama mlangoni, simu ameinyoosha kwangu. Nimemwinulia kidole, angoje nimalize mstari.

Sirudi.