Mitungi Mitupu ya Gahanga

Jumatatu, 10 Machi
Modeli, hesabu yangu ya kompyuta, imekubali tena, mara ya nne. Tukitoza kodi mkaa na mafuta, moshi unapungua, vifua vinapona, uchumi hauyumbi. Mkurugenzi alipita mezani kwangu akatabasamu, jambo la nadra. Wiki ijayo nawasilisha mbele ya wakubwa walioagiza kazi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Amesema nisiwe na wasiwasi.

Jumanne, 11 Machi
Hamisi, Mkenya anayesimamia wadodosaji wetu, amerudi kutoka Gahanga, pembezoni mwa jiji, na karatasi za mwisho za dodoso. Amefunga saumu, midomo imekauka, lakini alikataa kukaa kabla hajasema. Kuna nyumba, akasema, zimeandikwa zinatumia gesi lakini jikoni mna majivu. Nikamjibu zitakuwa chache. Sikuuliza ni ngapi. Najua kwa nini sikuuliza.

Jumatano, 12 Machi
Nimekwenda mwenyewe, na Hamisi. Nyumba ya kwanza ni ya mama Vestine, mjane, muuza mboga. Karatasi yake inasema gesi. Mtungi upo kweli, nyuma ya mlango, umefunikwa kitambaa, redio juu yake. Aliununua mwanawe. Gesi ilipoisha haukujazwa tena. Mkaa ulipopanda bei akarudi kwenye kuni. Mvua ikinyesha anapikia ndani. Alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Gesi iko, mama," aliniambia. "Lakini moto hamna ndani."

Tukaingia nyumba nyingine sita. Habari ileile.

Swali ni langu. Niliandika: Una mtungi wa gesi? Sikuandika: Jana ulipika kwa moto gani?

Alhamisi, 13 Machi
Nimewahesabu upya wenye mitungi mitupu, safari hii kama watumiaji wa mkaa na kuni. Modeli imeanguka. Kodi ileile inawatoa watu kwenye mkaa na kuwasukuma kwenye kuni. Mjini faida ya afya imebaki. Pembezoni imegeuka hasara. Moshi ninaodai kuuondoa, nauongeza. Nimejifungia chooni nikalia. Nina aibu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwambia Mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Hakugomba. Ripoti imeshatumwa, alisema, na jina la ofisi liko juu yake. Kosa hilo tuliweke kwenye tanbihi. Nikamwambia tanbihi hazisomwi.

"Ndiyo maana nasema tuliweke huko, Chantal."

Halafu akanikumbusha mkataba wangu, kwa upole. Upole huo ndio unaonitisha.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani sikusikia neno. Mama amepiga simu kutoka Ngara, nilikokulia. Nimemwambia kazi inakwenda vizuri. Uongo. Chakula hakipiti. Nikinyamaza, watatoza kodi kwa hesabu yangu mbovu. Nikisema, huenda wakaitupa kodi yote na miti iendelee kuchomwa mkaa. Sioni pa kutokea. Nimemwomba Mungu niugue siku ya kuwasilisha. Kweli, nimeomba hivyo.

Jumatatu, 17 Machi
Nimejaribu jambo moja: sehemu ya mapato ya kodi irudi kwa kaya maskini kama punguzo la kujaza mtungi. Nikaendesha modeli. Faida zimerudi, ndogo kuliko za mwanzo, lakini za kweli. Nikakimbia kumwonyesha Mkurugenzi. Hakutazama hata skrini. Nisome slaidi zilizopo, akasema, basi.

Alhamisi, 20 Machi
Nimewasilisha. Slaidi tatu nilizisoma kama zilivyo. Kwenye ya nne nikaweka karatasi chini.

"Jedwali hili si sahihi," nikasema. "Kosa ni langu."

Nikaeleza mitungi, kuni, punguzo. Mzee mmoja upande wa waagizaji akavua miwani, akataka kujua tuliwauliza watu nini hasa. Nikamsomea swali langu. Akaliandika. Hakuna aliyepiga makofi. Mkurugenzi alitoka bila kunitazama. Nilibaki nakunja nyaya za projekta.

Jumatano, 26 Machi
Barua imekuja. Mkataba hauongezwi. Nilijua, bado imeniuma kama kofi. Waagizaji wameamua Hamisi arudi kwenye kaya zote na swali jipya. Kodi itasubiri mpaka amalize, na la punguzo watalipima. Hesabu atafanya mtu mwingine. Nimemkabidhi Hamisi mafaili yote, kila kosa langu nimelitia rangi nyekundu. Hakunipa pole. Alisema, "Dada, nitakuwa nakupigia kuuliza." Nilishukuru kuliko kama angenipa pole. Sijui mwezi ujao nitaishi vipi.

Jumamosi, 29 Machi
Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwezi. Nimechimba mtaro na majirani hapa Busanza. Udongo laini. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi wapi. Jirani alinionyesha namna ya kushika mpini nisichubuke. Nimechubuka hata hivyo.

Mchana Hamisi ameandika. Jana alianza na kaya za Ndera. Jibu la kwanza kuni, la pili kuni, la tatu mkaa, la nne mama mmoja alicheka akasema jana hakupika. Hilo aliweke wapi?

Nikamjibu aongeze safu ya wasiopika. Kisha nikapasha maharage, nikala sahani nzima.